Umri wa Gitaa: Nambari, Rika na Kumbukumbu za Mlima Meru

Yeyote anayefanya kazi ya kukusanya urithi wa taifa hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: kitu hiki kina umri gani? Kiwe chungu, ngao, kibuyu au sahani ya santuri, hatuwezi kukiweka mahali pake katika historia mpaka tumejua kilitokea lini. Kitu kisicho na umri ni kama shahidi asiyetaja siku. Huenda asemayo ni kweli tupu, lakini baraza halijui liyapange wapi maneno yake.

Kwa vyombo vya asili, kama vile zeze, marimba na ngoma, swali hili aghalabu hujibiwa na ukoo uliovitunza. Lakini viko vyombo vilivyotufikia kutoka ng'ambo vikiwa vimekwisha kupigwa nambari kiwandani, na hapo wengi wetu hudhani kwamba kazi imekuwa nyepesi: soma nambari, tazama jedwali, andika mwaka. Sisi pia tulidhani hivyo. Katika insha hii tunakusudia kueleza, kwa faida ya walimu na wanafunzi, namna umri wa gitaa kongwe unavyotafutwa, na jinsi gitaa moja lililotoka katika miteremko ya Mlima Meru lilivyotufundisha kwamba nambari peke yake haitoshi.

Gitaa lililoletwa mjini

Mwaka 2004 tulikuwa Arusha kwa kazi ya kuorodhesha vyombo vya muziki wa dansi vilivyobaki mikononi mwa wananchi. Asubuhi moja alifika mzee mmoja Mwarusha kutoka vijiji vya juu, upande wa magharibi ya mlima, akiwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya blanketi jekundu. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, akalifungua blanketi polepole. Ndani mlikuwa na chombo ambacho vijana wengi wa leo hawajapata kukiona: gitaa dogo jeusi, zito kuliko ukubwa wake, lisilo na tundu kifuani wala uwazi tumboni. Nyuzi zake zilikuwa zimeinuliwa juu ya shingo kiasi kwamba kidole hakiwezi kuzikandamiza hadi chini. Lilikuwa gitaa la mapajani, lile ambalo mpigaji hulilaza juu ya mapaja yake, akazidonoa nyuzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatelezesha kipande cha chuma juu yake.

Mzee alieleza kwamba gitaa lilikuwa la kaka yake mkubwa, marehemu, aliyekuwa askari katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu hulitaja kwa jina la Keya. Alirudi nalo kutoka Nairobi vita vilipokwisha. Tulipomwuliza ulikuwa mwaka gani, hakutaja mwaka. Alisema, "Nyangusi walikuwa morani. Mimi nilikuwa nachunga ndama."

Tuliliandika neno hilo, kisha tukaligeuza gitaa na kufungua skrubu zake. Chini ya bamba la chuma tuliviona vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti na kingine cha kubadili mlio. Mgongoni mwa kile cha sauti palikuwa pamepigwa nambari hii: 304-6412. Kitufe cha pili hakikuwa na nambari iliyosomeka. Kwa kuwa wakati huo tulikuwa tumekwisha kujifunza kusoma nambari za namna hiyo, tulifurahi kama mtu aliyepata ufunguo wa sanduku lake. Tukaandika katika daftari: "Gitaa la mapajani. Limetengenezwa mwaka 1964 au baadaye. Maelezo ya mwenye mali hayalingani na ushahidi."

Tulimsomea mzee maneno hayo, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyotaka. Alisikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akalifunga blanketi lake, akasimama, akasema, "Basi kaka yangu alirudi vitani mikono mitupu." Akaondoka na gitaa lake.

Kabla ya kueleza kosa letu lilikuwa nini, yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe, maana bila kujua kilikotoka hatuwezi kujua alama zake zinasema nini.

Asili ya gitaa la mapajani

Gitaa la namna hii lilizaliwa katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Magitaa ya kawaida, kama inavyosimuliwa, yalifika huko katika miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico walioitwa na mfalme wa visiwa hivyo. Wenyeji waliyapenda, lakini hawakukubali kuyapiga kama walivyofundishwa. Walilegeza na kukaza nyuzi kwa namna yao hata zikaweza kutoa mlio uliopatana bila kukandamizwa. Kisha, karibu mwaka 1889, kijana mmoja mwanafunzi aitwaye Joseph Kekuku alianza kuzipitishia nyuzi kipande cha chuma. Sauti haikuruka tena kutoka daraja hadi daraja. Iliteleza, ikapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeimba au anayelia.

Mwaka 1915 wanamuziki wa Hawaii walipiga muziki wao katika maonyesho makubwa ya San Francisco, Marekani, na tangu hapo mlio huo ukaenea duniani kwa njia ya sahani za santuri na safari za wapigaji. Lakini palikuwa na taabu moja. Gitaa la mapajani huelekeza uso wake juu, si kwa wasikilizaji, na katika ukumbi wenye tarumbeta na ngoma sauti yake ilimezwa. Taabu hiyo ndiyo iliyozaa gitaa la umeme. Mwaka 1931 George Beauchamp, aliyekuwa mwenyewe mpiga gitaa la mapajani, alitengeneza chombo cha kwanza cha majaribio chenye sumaku na waya uliozungushwa, kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alianza kukiuza mwaka 1932. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1937. Basi wanafunzi wetu na wakumbuke kwamba gitaa la umeme lililotangulia kupata soko halikuwa lile la kusimama nalo jukwaani, bali lile la kulala mapajani. Magitaa ya solo na rizimu yaliyotuchezesha dansi kwa miaka mingi ni wadogo zake.

Namna ya kuzisoma nambari

Mtu atakaye kujua umri wa gitaa kongwe huanza na nambari ya mfululizo iliyopigwa kiwandani, ama kichwani, ama shingoni, ama kwenye bamba la nyuma. Nambari hii ingalikuwa shahidi bora kama viwanda vingaliitunza kwa uaminifu. Ukweli ni kwamba vingi havikufanya hivyo. Kiwanda cha Gibson kilizirudia nambari zake katika miaka ya 1960, hata magitaa mawili ya miaka mbalimbali yakawa na nambari moja. Kiwanda cha Fender kiliweka bamba zenye nambari ndani ya sanduku, na mafundi wakazichota bila kufuata mpangilio. Kwa hiyo nambari kubwa yaweza kuwa imetangulia ndogo. Magitaa ya mapajani ya Rickenbacker ya zama za mwanzo nayo hayana mfululizo ambao mtu anaweza kuutegemea. Nambari ya mfululizo, basi, hutukaribisha mlangoni, lakini haituingizi ndani.

Shahidi wa pili ni nambari za vipande vya ndani, hasa vile vitufe vya kuzungusha. Viwanda vya Marekani vilivyotengeneza vitufe hivyo vilikubaliana kupiga nambari zinazotaja kiwanda na wakati. Tarakimu tatu za kwanza hutaja kiwanda: 304 ni Stackpole, na 137 ni CTS. Zinazofuata hutaja mwaka, na mbili za mwisho hutaja juma katika mwaka huo. Kwa hiyo 304-6412 maana yake ni kwamba kitufe kilitoka katika kiwanda cha Stackpole, mwaka 1964, juma la 12. Hilo ni juma la mwezi Machi, mwezi mmoja tu kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Katika vitufe vya zamani zaidi mwaka hutajwa kwa tarakimu moja, na hapo msomaji hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa 6 yaweza kuwa 1946 au 1956.

Nambari hizi ni msaada mkubwa, lakini zina mpaka wake. Kitufe hutengenezwa katika kiwanda kimoja, hulala ghalani, kisha hupelekwa katika kiwanda cha magitaa, nako hulala tena. Kwa sababu hiyo nambari yake hueleza tu wakati ambao kazi ya kukifunga haikuweza kufanyika kabla yake. Zaidi ya hayo, kitufe ni kitu kinachochakaa na kubadilishwa. Nambari iliyo mgongoni mwake husema kweli juu ya kitufe. Haisemi neno juu ya gitaa. Hapa ndipo tulipojikwaa. Tulimwuliza shahidi habari za maisha yake mwenyewe, kisha tukayaandika majibu yake kana kwamba ni habari za nyumba nzima.

Shahidi wa tatu ni umbo na sehemu za chombo. Viwanda hubadili mitindo yao, na kila badiliko huacha alama. Magitaa ya kawaida ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini, kwa mfano, yalibandikwa karatasi ndani ya tumbo, na karatasi hiyo hulitambulisha gitaa hata jina la nje likiwa limefutika. Katika magitaa ya mapajani ya Rickenbacker, yaliyoanza kutengenezwa kwa bakelaiti nyeusi mwaka 1935, mtu hutazama mambo mawili. La kwanza ni bamba zinazofunika uso: zile za mwanzo ni za kromu ing'aayo, na kuanzia karibu mwaka 1940 zikapakwa rangi nyeupe. La pili ni zile sumaku mbili zenye umbo la kwato la farasi, zinazozunguka nyuzi juu na chini. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia upana wake ulikuwa milimita 38 hivi. Katika zile zilizotengenezwa baada ya vita upana ulipunguzwa hadi milimita 32. Tofauti ni milimita sita tu, upana wa penseli ndogo, lakini ndani ya milimita hizo sita mna vita nzima.

Kurudi mlimani

Habari hizi za sumaku hatukuzijua mwaka 2004. Tulizipata baadaye, tukisoma kwa ajili ya kazi nyingine, na usiku huo hatukulala vizuri. Tulikumbuka kwamba bamba za gitaa la mzee zilikuwa na rangi nyeupe iliyoanza kumomonyoka. Tulikumbuka pia jambo lililokuwa mbele ya macho yetu, nasi tusilitilie maanani: lehemu ya kitufe cha sauti ilikuwa ikimetameta, na ile ya kitufe cha pili ilikuwa imefifia na kuwa ya kijivu. Lehemu mbili zenye sura mbili ni kazi ya mikono miwili, katika nyakati mbili.

Mwaka 2006 tulipanda mlimani kumtafuta mzee. Tulimkuta nyumbani kwake, chini ya migomba, kahawa ikiwa imeanikwa uani. Tulimwomba radhi kwanza, kisha tukamwomba ruhusa ya kulitazama gitaa tena. Hakutufanya tungoje. Tulitoa rula tukapima sumaku: milimita 38. Gitaa lenye bamba nyeupe na sumaku pana ni gitaa la miaka ile ya karibu 1940. Lilikuwa limekwisha kuzaliwa miaka mingi kabla ya kitufe tulichokisoma.

Tukamwuliza mzee kama gitaa lilipata kutengenezwa wakati wowote. Akacheka. "Mara moja. Kaka alitaka kulipeleka mjini lipigwe kwenye dansi. Fundi redio alitoa kitu ndani ya redio mbovu akakitia humu. Tulimlipa mbuzi." Tukauliza ilikuwa lini. "Seuri tulikuwa morani. Mimi mwenyewe nilikuwemo." Tukasema, mbona hukutuambia siku ile, mzee? Naye akajibu bila hasira, "Hamkuniuliza, mwanangu. Mliliuliza gitaa."

Wanafunzi wanaotoka mikoa mingine yafaa waelezwe hapa kwamba Waarusha, kama Wamaasai ambao wanashirikiana nao katika lugha na desturi nyingi, wamezihesabu zama zao kwa marika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja hupewa jina moja, huwa morani pamoja, kisha huingia uzee pamoja, nao jina lao hubaki likitaja kipindi hicho. Nyangusi walikuwa morani katika miaka ya 1940 na 1950. Seuri wakawafuata kabla ya Uhuru na kuendelea baada yake. Tuyapange sasa maneno ya mzee pamoja na ya chombo. Anasema gitaa lilifika Nyangusi walipokuwa morani. Sumaku na bamba zinasema ni gitaa la miaka ya karibu 1940. Anasema kitufe kilibadilishwa Seuri walipokuwa morani. Nambari inasema 1964 au baadaye. Kalenda mbili zilizotungwa mbali kabisa, moja kiwandani California na nyingine katika malisho ya Meru, zinakubaliana mahali pote zinapokutana. Aliyekuwa hakubaliani nazo ni sisi.

Hata hivyo, haki yataka tuseme pia lile ambalo sumaku haiwezi kuthibitisha. Kipimo kinatuonyesha kwamba gitaa lingeweza kununuliwa Nairobi na askari aliyerudi kutoka vitani. Hakituonyeshi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Jambo hilo linasimama juu ya neno la mzee, na katika daftari tumeliandika hivyo: neno la mzee, ambalo hakuna alama yoyote ya chombo inayolipinga.

Umri wa pili

Mzee alitueleza jambo jingine ambalo hakuna jedwali lingelitupatia. Gitaa hili ni la umeme, na kijijini hapakuwa na umeme wala amplifaya. Lina mwili mzito usio na uwazi, na bila umeme sauti yake ni ndogo kama ya nyuki ndani ya chupa. Kaka yake alipata njia. Alililaza juu ya meza ya mbao, akailaza meza juu ya sanduku tupu la chai, na mbao zikatetemeka pamoja na nyuzi hata watu waliokaa ukumbini wakasikia. Alipiga nyimbo walizoziimba wanawake wa kijiji, kwa kuwa kipande cha chuma kiliweza kuteleza pale sauti zao zilipoteleza. Katika jamii ambayo muziki wake umekuwa tangu kale wa koo za watu kuliko wa vyombo, gitaa lililoimba kama mtu halikuonekana kuwa mgeni sana.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kwamba kila chombo cha kigeni kilichokaa kwetu kina umri wa aina mbili. Uko umri wa kiwandani, unaohesabiwa tangu kilipofungwa skrubu ya mwisho. Na uko umri wa kuishi, unaohesabiwa tangu kilipoanza kusema maneno yetu. Jedwali la viwanda hutupa ule wa kwanza. Wa pili haumo katika jedwali lolote. Umo katika viraka vya chombo na katika vinywa vya watu.

Tofauti hii ni muhimu tunapoandika historia ya dansi katika eneo hili. Askari waliorudi mwaka 1945 na 1946 walikuwa wamesikia magitaa katika kambi na katika vikundi vya burudani vya jeshi. Fundi Konde wa Kenya, kwa mfano, alitumikia katika kikundi cha namna hiyo. Kutoka Kongo nako kulikuja mawimbi mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, aliitwa Mhawaii kwa sababu ya mlio wa gitaa lake, na katika miaka ya 1960 Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, aliurudisha mlio huo wa kuteleza katika sahani zilizosikilizwa Afrika Mashariki yote. Mtu asishangae, basi, kwamba mlio wa visiwa vya Pasifiki ulikuwa ukisikika katika redio za Arusha kabla watu wengi hawajapata kuliona gitaa lenyewe.

Arusha ilikuwa njia panda ya muziki huo. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, ambao walikuwa wamepiga katika Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia mjini hapa wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata walikwenda Mombasa, na huko bendi yao ikawa Simba Wanyika, jina lililopata sifa kubwa Kenya na Tanzania. Watu walipita, vyombo vilipita, sahani zilipita. Kisha mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo, iliyokuwa pia miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, fundi wa Arusha hakuweza kupanda basi hadi Nairobi kutafuta kipuri. Alitumia alichonacho: waya wa redio, skrubu ya baiskeli, kipande cha bati.

Kwa wafanyabiashara wa ng'ambo wanaokusanya magitaa makongwe, kila kiraka cha namna hiyo ni ila. Wao hutaka chombo kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani, na bei hushuka kwa kila skrubu iliyobadilishwa. Tumeona wananchi waliopata habari hizo wakiviondoa viraka, wakavitupa, wakatia vipuri vipya vyenye sura ya zamani ili wauze vizuri. Wanachokitupa ndicho hasa kilicho chetu. Kiwanda kilitengeneza magitaa mengi yanayofanana; lakini lenye kitufe cha redio kilicholipiwa mbuzi mmoja ni hili tu.

Mambo ya kufuata

Kwa walimu watakaopenda kuwaongoza wanafunzi katika kazi hii, tunatoa mashauri machache yaliyotokana na kosa letu. Kwanza, mwulizeni mwenye chombo kabla ya kukiuliza chombo. Mwacheni ahesabu wakati kwa namna yake, kwa rika, kwa mavuno, kwa ujenzi wa barabara au kwa kuzaliwa kwa mtoto, na neno lake liandikwe kama alivyolitamka. Kazi ya kuligeuza kuwa mwaka ifanywe baadaye na iandikwe kando. Pili, msitosheke na nambari moja. Tafuteni alama tatu zisizotegemeana, kama vile nambari ya kipande, upana wa sumaku na rangi ya lehemu, na mtazame kama zinakubaliana. Zisipokubaliana, msiseme upesi kwamba mtu amedanganya. Semeni kwamba chombo kimetengenezwa, kisha mwulize na nani. Tatu, andikeni kila kipimo, hata kile kisichoonekana kuwa na maana leo. Kama tungalipima sumaku mwaka 2004, hata bila kujua kwa nini tunazipima, kosa letu lingalijisahihisha lenyewe mezani. Nne, kipande chochote kikiondolewa kisitupwe. Kitiwe katika bahasha yenye tarehe, na bahasha ikae pamoja na chombo.

Kazi hii haihitaji maabara. Yahitaji rula, bisibisi, daftari na masikio. Wala haihusu magitaa tu; cherehani, redio, saa za ukutani na baiskeli za wazee wetu zote zina nambari za kiwandani na viraka vya mafundi wetu, na kila moja yaweza kumfundisha mwanafunzi historia ya nyumba yake mwenyewe.

Imebaki tueleze neno la mwisho juu ya gitaa la mzee. Siku ile ya mwaka 2006 tulilifungua daftari mbele yake, tukaufuta kwa mstari mmoja ule uandishi wetu wa kwanza, bila kuuziba, ili wanaokuja baadaye waone kwamba tulikosa na mahali tulipokosa. Chini yake tukaandika: "Gitaa la mapajani la bakelaiti, la miaka ya karibu 1940. Lilifika Meru Nyangusi walipokuwa morani, mikononi mwa askari aliyerudi kutoka vitani, kwa maelezo ya mdogo wake. Lilitengenezwa na fundi redio wa Arusha Seuri walipokuwa morani. Kitufe cha sauti ni cha mwaka 1964. Liko kwa mwenyewe."

Tulimsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akaita kwa sauti, na wajukuu watatu wakatoka nyuma ya nyumba wakasimama mlangoni. Akatuomba tusome tena.